Kazi ya Uwakala wa Bima: Ni Halali Ipi, na Huanzwaje

Ndugu zetu, katika darsa zetu tumeletewa suala na kijana mmoja wa hapa Mombasa aliyemaliza skuli ya sekondari. Asema kwamba ametafuta kazi muda mrefu asipate, kisha kampuni moja ya bima ikamwita awe wakala wake, yaani mtu wa kuwatafutia wateja na kulipwa kamisheni. Babake amemkataza, asema bima ni kamari na riba, tena ni kukosa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mjomba wake amhimiza, asema kazi ni kazi, na mwenye njaa hachagui. Kijana ataka kujua aifuate kauli ya nani.

Tumeona tulijibu suala hili kwa urefu kidogo, kwani vijana wengi wa pwani wameingia katika kazi hii na wengine wako mlangoni. Twasema kwamba baba na mjomba wote wawili wamehukumu kabla ya kutazama. Baba hakuuliza ni bima ya namna gani, na mjomba hakuuliza chochote.

Tuanze na lile neno la kutegemea, kwa sababu ndilo linalosemwa sana na ndilo dhaifu kuliko yote. Imo katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake ndipo ategemee, au amwache bila ya kumfunga ategemee, akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Basi kujikinga na khasara si kukosa imani. Mvuvi wetu wakati wa kusi hufunga mashua yake kwa kamba mbili, na hatujamsikia mtu akimwambia kwamba kamba ya pili imemtoa katika Uislamu. Na hao wanaosema kwamba bima ni kutomtegemea Mungu, tazameni milango ya maduka yao usiku ina kufuli ngapi.

Tena tunayo desturi ya mchango. Nyumba ikiungua au jahazi likizama, hupitishwa karatasi msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na kila mtu hutoa alichojaaliwa. Jambo hili ni jema na tunaomba lisikatike. Walakini tuseme ukweli: mchango unaokuja baada ya msiba huja kwa kadiri ya umaarufu wa mwenye msiba. Mwenye jamaa wengi na jina kubwa hujengewa nyumba upya; mjane asiye na mtu hupata za kununulia unga wa wiki mbili, kisha husahauliwa. Lau watu wa mtaa wangaliweka kidogo kidogo kabla ya msiba, kwa mapatano yaliyoandikwa, yule mjane angalipata haki yake kama mwengine, bila ya kumwangukia mtu. Twaona fedha nyingi zikitumika kwa karamu za arobaini na harusi za siku saba, kisha nyumba hiyo hiyo ikipatwa na moto haina hata mabati ya kuezekea. Hayo tumekwisha kuyasema mara nyingi, na si maudhui yetu leo.

Kwa hivyo kusaidiana ni jambo la sharia, wala halina shaka. Katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya Al-Ash'ariyyin, watu wa Yemen, kwamba chakula chao kilipopungua safarini au mjini walikikusanya chote katika nguo moja, kisha wakagawanyana sawasawa kwa kipimo kimoja, na Mtume (S.A.W.) akawasifu sifa kubwa. Na katika diya ya mauaji ya kukosea, sharia haikumwachia mkosaji peke yake mzigo, bali imewatwika jamaa zake wa upande wa kuumeni. Shabaha ya bima, basi, haina ila. Kilicholeta ikhtilafu ni namna ya mkataba wake.

Na mkataba huu si mgeni kwa Maulamaa kama watu wanavyodhani. Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka wa 1252 Hijria (1836), aliuzungumza katika kitabu chake Radd al-Muhtar. Ameeleza kwamba wafanyi biashara wakikodi merikebu za wageni, hutoa pia kiasi maalumu cha mali kumpa mtu aliyeko katika nchi ya wageni, ili mzigo ukiungua au ukizama au ukiporwa yeye awe mdhamini wake. Na mtu huyo huwa na wakala wake akaaye katika miji ya Waislamu ya pwani kwa ruhusa ya Sultani, ambaye huzipokea fedha za wafanyi biashara, na mzigo ukiharibika yeye ndiye alipaye. Tazama, ewe kijana: huyo wakala mwenye kukaa bandarini ndiye mwenzako. Kazi unayoitiwa leo ilikuwa ikifanywa katika miji ya pwani kabla ya babu zako kuzaliwa! Ibn Abidin alihukumu kwamba si halali kwa mfanyi biashara kuichukua badali ya mali yake iliyoharibika, kwa kuwa aliyeahidi amejilazimisha jambo lisilomlazimu kisharia.

Baada yake Maulamaa wa zama zetu walihitilafiana. Katika mkutano wa fiqhi uliofanywa Damascus mwaka wa 1961, Sheikh Mustafa Az-Zarqa aliitetea bima na kusema kwamba ni mkataba mpya, na asili ya mikataba ni kujuzu. Na Sheikh Muhammad Abu Zahra akampinga. Mwaka wa 1978 Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka lilitoa uamuzi wa kuiharimisha bima ya biashara, na Az-Zarqa hakukubaliana nao. Mwaka wa 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu huko Jedda likaamua vivyo hivyo, na likasema badali yake iliyo halali ni bima ya kusaidiana. Hii ndiyo kauli ya wengi leo, na ndiyo tunayoitegemea, pamoja na kumheshimu aliyesema kinyume chake. Kwani mwenye ijtihadi hatukanwi.

Sababu zao tuzieleze kwa mfano. Mtu amelipa kampuni shilingi 20,000 kwa mwaka mmoja ili duka lake lilindwe. Mwaka ukipita salama, kampuni imezichukua fedha hizo na ikawa ndiyo faida yake. Duka likiungua, kampuni italipa labda shilingi 1,000,000. Siku ya kupatana hapana ajuaye kati yao atakachopata, wala kama atapata, na huku ni kuuziana jambo lisilojulikana, ambako Mtume (S.A.W.) amekukataza, na ndiko Maulamaa wakuitako gharar. Pia fedha zimebadilishwa kwa fedha, kwa kuzidi na kwa kuchelewa, na hiyo ni sura ya riba. Tena kampuni huziweka fedha za watu katika benki na hati za mikopo zenye riba ya wazi isiyohitaji taawili.

Ama katika bima ya kusaidiana, iitwayo takaful, mpango umegeuzwa. Fedha wanazotoa watu si bei ya kitu walichonunua, bali ni mchango wa hiari ulio katika mfuko wao wenyewe. Kampuni si mwenye mfuko. Ni wakili mwenye kuuendesha, naye ana ujira wake unaojulikana tangu mwanzo. Anayepatwa na msiba hulipwa kutoka katika mfuko. Kikibaki kitu mwisho wa mwaka ni cha waliochanga: hurudishiwa, au huwekwa akiba, au hutumiwa kama walivyopatana. Mfuko ukipungukiwa, kampuni huukopesha bila ya riba. Na mali ya mfuko haiwekwi katika riba wala ulevi, na kuna baraza la Maulamaa la kuikagua. Kampuni ya kwanza ya namna hii ilianzishwa Sudan mwaka wa 1979. Malaysia ikaitungia sheria mwaka wa 1984. Na hapa Kenya, Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka wa 2011.

Msidhani kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Mwezi wa Machi 2014 wafugaji kiasi cha mia moja wa Wajir walilipwa na kampuni hiyo kwa sababu ya ukame. Hawakulazimika kuleta ngozi za ngombe waliokufa ili waaminiwe. Hali ya malisho hutazamwa kwa vyombo vilivyoko angani, na majani yakipungua kupita kiwango walichopatana, mfuko hulipa. Na sisi watu wa pwani, wenye mashua na majahazi, tumejifanyia nini?

Sasa turejee kwa kijana wetu. Mwenyezi Mungu katika aya ya pili ya Suratul Maida ameamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na amekataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Wakala ni msaidizi wa mkataba, basi hukumu yake hufuata hukumu ya kile anachokiuza. Akiuza takaful ya kweli, ujira wake ni halali kama ujira wa dalali mwengine yeyote. Akiuza bima ya maisha ambayo fedha zake hukuzwa kwa riba, na mteja huahidiwa nyongeza inayotokana na riba hiyo, hapo hatuna njia ya kumhalalishia. Liko la tatu, nalo ni bima ya gari ya kulinda watu wengine, ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 405, yamlazimisha kila mwenye gari barabarani awe nayo. Mwenye gari akikosa pengine pa kuikata ila kampuni ya kawaida, amelazimishwa, na Maulamaa wengi wa zama zetu wamemsamehe. Lakini dharura ni ya mwenye gari. Wakala aliye na mlango wa takaful mbele yake hawezi kuiazima dharura ya mteja wake akaifanya maisha.

Wala jina lisikudanganye. Kuandikwa “takaful” mlangoni hakutoshi, kama vile kuandikwa “halali” juu ya mkebe hakumchinji kuku. Kabla ya kutia sahihi uliza mfuko wa wachangaji umetengwa na mali ya kampuni au umechanganywa. Uliza ziada ya mwaka uliopita imefanywa nini. Uliza ni Maulamaa gani wanaokagua, na ripoti yao iko wapi. Ukijibiwa kwa kuchekelewa, toka.

Ama njia ya kuingia kazini ni hii. Bima katika Kenya husimamiwa kwa sheria ya Sura ya 487, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Kusimamia Bima iliyoanza kazi mwaka wa 2007. Wakala hana budi asome na kufaulu mtihani wa kupata cheti cha ustadi, ambacho watu wa kazi hukiita COP, kisha aandikwe na kampuni na apate leseni ya Mamlaka. Leseni hiyo hufanywa upya kila mwaka. Anayeuza bima bila ya leseni amevunja sheria ya nchi, na amemhadaa mteja pia, hata kama kampuni imemwambia “anza tu, karatasi zitafuata”. Wapo wanaoambiwa hivyo kila siku.

Nayo kampuni ichunguzwe. Mwaka wa 2005 United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi. Mwaka wa 2011 Blue Shield nayo ikawekwa. Waliodhani wana kinga wakajikuta hawana, na uso waliokuwa wakiujua ni uso wa wakala tu, si wa mkurugenzi aliyeko Nairobi. Kampuni ikianguka, mtaani atakayeulizwa ni wewe.

Mshahara wa mwezi usiutazamie. Wakala aghlabu hulipwa kamisheni tu, na serikali hukata kodi yake kabla haijamfikia mkononi. Tuseme kamisheni ni kumi kwa mia: ukimwandika mwenye duka aliyelipa shilingi 20,000, fungu lako ni 2,000 kabla ya kodi, nawe umemwendea mara nne kwa nauli yako. Basi kijana aingiaye awe na akiba ya kumla miezi kadhaa, au awe na kazi nyengine ya asubuhi. Wengi huacha si kwa sababu kazi ni mbaya. Walianza mfuko mtupu, na mfuko mtupu huusukuma ulimi kuahidi yasiyokuwepo.

Hapa ndipo penye khatari kubwa ya kazi hii, kupita hata hayo ya mkataba. Katika bima za muda mrefu, mara nyingi kamisheni ya mwaka wa kwanza ni kubwa na ya miaka ifuatayo ni ndogo. Kwa hivyo wakala hupata faida akimwingiza mtu, hata kama ajua kwamba mtu huyo hataweza kuendelea kulipa. Mbeba mizigo wa bandarini anayepata kibarua siku tatu kwa wiki akiandikiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka kumi, ataacha mwaka wa pili, na akiacha mapema aghlabu harudishiwi kitu, au hurudishiwa kidogo. Wakala amekwisha kula. Twasema huku ni kula mali ya watu kwa batili, japo karatasi zote zimetiwa sahihi na hapana kortini wa kukushitaki.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa mwenye kuuza nafaka, akatia mkono ndani ya chungu yake akakuta majimaji chini, akamkemea kwa kutoiweka iliyorowa juu ili watu waione. Chungu ya wakala wa bima ni ile hati yenye maandishi madogo, na majimaji yake ni yale yasiyolipwa. Mteja wetu mara nyingi hakisomi Kiingereza cha mawakili. Hukuamini wewe kwa sababu wamjua babako. Kwa hivyo msomee kwa Kiswahili, na uanze na yale ambayo kampuni haitalipa.

Mathalan mfahamishe hesabu ya nyumba iliyoandikwa kwa thamani pungufu. Nyumba yake ni ya shilingi 2,000,000. Yeye, ili alipe kidogo, ameiandika kwa 1,000,000. Jiko likaungua, khasara ni 400,000. Yeye hudhani atalipwa zote, kwa kuwa hazijafika milioni. Sivyo: ameiandika nusu ya nyumba, basi katika kila khasara atalipwa nusu, yaani 200,000, na nusu ya pili ni yake. Tumewaona watu wakiapa kwamba wameibiwa, na kumbe ni hesabu hii ambayo hapana aliyewaambia. Mfahamishe pia kwamba katika bima nyingi kiasi cha mwanzo cha khasara hubebwa na mwenyewe. Na umkataze kuficha: mwenye maradhi ya sukari ayaandike, mwenye gari la abiria asiliandike kwamba ni la nyumbani. Wako mawakala wanaomfundisha mteja kuficha ili apate bei nafuu. Siku ya msiba kampuni huitoa fomu, ikaonyesha uwongo, ikakataa kulipa, na wakala hana khabari.

Fedha za mteja ni amana. Sheria ya nchi yakataza kampuni kuibeba khatari ya mtu mpaka malipo yawe yamepokewa au yamedhaminiwa. Basi wakala aliyepewa fedha Ijumaa akazitia mfukoni mpaka Jumatatu, kwa nia ya kuzirudisha, amemwacha mtu siku tatu yu uchi naye adhani amevaa. Gari likigonga Jumapili, ni nani atakayeilipa maiti? Njia salama ni mteja azilipe mwenyewe kwa kampuni, nawe umpelekee risiti yake.

Wengine wametuuliza kama yafaa mabinti kuifanya kazi hii. Twaona yafaa, kwa adabu yake ya sharia. Wanawake wengi wa miji yetu wana mali: nyumba za urithi, dhahabu, biashara ya nguo na ya vyakula. Wanaume wao hawawaelezi kitu, na mwanamume mgeni hawezi kukaa nao ukumbini kuwasomea hati. Binti mwenye elimu na leseni atawafikia pasipofikiwa na mwengine.

Na kijana aliyekwisha kuingia katika kampuni ya kawaida, naye ana watoto wa kulisha, hatumwambii aache kesho awatie njaani. Atafute mlango wa halali kwa bidii ya kweli, si ya maneno, na autokee pindi ufungukapo. Na wateja wake awaeleze kwa nini ahama.

Lililobakia ni daftari. Mwenyezi Mungu katika aya ya 282 ya Suratul Baqara ameamrisha deni liandikwe, na aya hiyo ndiyo ndefu kupita zote katika Qur'ani. Wakala aandike kila siku jina la mteja, alichotoa, tarehe, nambari ya risiti, siku ambayo bima yake yaisha, na madai aliyoyapeleka na jawabu aliyopewa. Daftari hilo lisiwe kichwani mwake wala katika simu yake peke yake, bali amjulishe mkewe au nduguye mahali lilipo, ili akifariki ghafula warithi wake wajue ni fedha zipi zilizo zake na zipi za watu, kabla ya tereka kugawanywa. Wallahu aalam.